Uhakiki wa Udumishaji wa Programu za Kumtambua Papa Potwe wa Mafia

Ofisi za Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia zipo Utende, kwenye Ghuba ya Chole. Upande wa pili wa kisiwa, katika maji ya Kilindoni, papa potwe hukusanyika hasa kati ya Oktoba na Machi. Watafiti humtambua kila papa kwa picha ya madoa ya ubavuni, nyuma ya matamvua. Uhakiki huu unajadili kama utambuzi huo unaweza kuaminika pale lugha iliyoandikiwa programu inapobadilika toleo.

Msingi wa utambuzi huu uliwekwa na Arzoumanian, Holmberg na Norman (2005), waliotumia kanuni ya kulinganisha mpangilio wa nyota iliyochapishwa na Groth (1986). Ubora wa kazi yao ni kwamba kanuni imeelezwa kihisabati. Haifungwi na lugha yoyote ya programu. Hata hivyo, mtafiti hatumii kanuni tupu, bali hutumia msimbo. Mfumo wa Wildbook, kwa mfano, umeandikwa kwa Java, na uchambuzi wake wa picha kwa Python. Python 3 ilitoka Desemba 2008, na Python 2 ikaacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020.

Udumishaji mara nyingi hupimwa kwa swali moja: je, programu inafanya kazi? Kipimo hiki hakitoshi. Katika Python 2, 7 ikigawanywa kwa 2 hutoa 3. Katika Python 3 hutoa 3.5. Iwapo vipimo vya picha vimehifadhiwa kama namba kamili za pikseli, uwiano wa kupunguza picha unaweza kubadilika bila programu kutoa onyo lolote. Kubaki na toleo la zamani nako si suluhisho: NumPy 1.16 ndiyo ya mwisho kukubali Python 2.7, hivyo masahihisho yaliyofuata hayamfikii aliyebaki nyuma.

Inaweza kujibiwa kwamba programu hupendekeza tu, na binadamu ndiye anayethibitisha. Jibu hili lina uzito, lakini binadamu huthibitisha kile alichooneshwa. Papa asiyependekezwa huandikwa kuwa mgeni, na papa mmoja akahesabiwa wawili. Utafiti wa akustika wa Cagua na wenzake (2015) ulibaini kuwa papa hawa hubaki karibu na Mafia hata katika miezi ambayo hawaonekani. Kutoonekana si kutokuwepo. Kwa mantiki hiyo hiyo, ukimya wa programu si ushahidi kwamba haina kosa.

Hivyo basi, kuhudumia matoleo mawili kwa kipindi fulani kusichukuliwe kuwa mzigo pekee. Ndicho kipindi ambacho picha za papa ambao utambulisho wao umekwisha kuthibitishwa zinaweza kupitishwa katika matoleo yote mawili na matokeo kulinganishwa. Toleo la zamani likitupwa kabla ya ulinganisho huo, tofauti ya hesabu haitajulikana imetokana na bahari au na msimbo. Aidha, ripoti inayotaja jina la programu pasipo toleo la lugha na la vifurushi vyake haijakamilisha maelezo ya mbinu. Maofisa wa Utende na wavuvi wa Kilindoni wanaoathiriwa na hesabu hiyo wanastahili kujua ilivyopatikana.