Kadi ya Kapkatet

Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet, kwenye vilima vya chai kusini mwa mji wa Kericho, akiwa na mitambo yake ya kunasa sauti. Kati ya nyimbo za Wakipsigis alizorekodi, tatu zilibeba jina moja: Chemirocha. Ya tatu ndiyo iliyozunguka dunia. Kinubi kinadonolewa, kile Wakipsigis wanachokiita chepkong, ndugu wa nyatiti ya Wajaluo na obokano ya Wakisii. Kisha sauti ya msichana inapanda, na wenzake wanamjibu kwa pamoja. Nimeisikiliza mara nyingi mno. Kila mara namsubiri yule anayeongoza avute pumzi kabla ya kurudi kwenye jina: Chemirocha.

Chemirocha ni Jimmie Rodgers. Alizaliwa mwaka 1897 upande wa Mississippi, akafanya kazi kwenye treni, akaingia studio mara ya kwanza mwaka 1927 mjini Bristol, na kifua kikuu kikamuua mwaka 1933. Wamarekani humwita baba wa muziki wa kantri. Santuri zake zilifika huku pamoja na gramafoni za wageni, na wenyeji walipoisikia ile sauti inayoruka kutoka kifuani hadi kooni, waliamua kwamba mwenye sauti hiyo hawezi kuwa mtu mzima mzima. Katika maelezo ya Tracey, Chemirocha ni nusu mtu, nusu swala, na wasichana wanamwita aje acheze mpaka nguo zimvuke.

Kwa hiyo kantri ilishapokewa katika Bonde la Ufa zamani, kabla ya Jim Reeves na Dolly Parton kuwa wenyeji wa redio zetu za Jumapili jioni kuanzia Naivasha hadi Molo. Lakini leo sitaki kuzungumzia muziki wenyewe. Nataka kuchambua jinsi watu wa kwenye rekodi ile walivyotafutwa, na nitaazima darubini kutoka kwa wapelelezi wa kike wa riwaya, kwa sababu naamini wao wangeisoma kadi ya Kapkatet, ile yenye majina ya waimbaji, tofauti na inavyosomwa kwa kawaida.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tulilelewa na wapelelezi wanaume. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake, alitoka kitabuni mwaka 1960 na Mzimu wa Watu wa Kale. Willy Gamba wa Elvis Musiba alifuata miaka ya 1970 na bastola yake. Msa anafikiri, Gamba anapiga. Mpelelezi binafsi wa kike alikuwa akijengwa kwingine. Marcia Muller alimleta Sharon McCone mwaka 1977. Mwaka 1982 Sara Paretsky akamleta V. I. Warshawski wa Chicago, na Sue Grafton akamleta Kinsey Millhone. Mwaka 1998 Alexander McCall Smith akamfungulia Precious Ramotswe ofisi mjini Gaborone, ofisi iliyotokana na kuuzwa kwa ng'ombe alioachiwa na baba yake. Msomaji wa Bomet au Kericho anaelewa mara moja uzito wa uamuzi huo. Mtu hauzi ng'ombe wa baba kwa mchezo.

Hawa wanawake hawana kitambulisho cha polisi cha kumlazimisha mtu afungue mlango. Kwa hiyo waandishi wao iliwabidi wawape njia nyingine ya kuingia, na njia hiyo mara nyingi ni undugu. Katika The Broken Promise Land ya mwaka 1996, Muller anampeleka McCone moja kwa moja kwenye ulimwengu wa kantri: mwimbaji anayetishwa, Ricky Savage, ni shemeji yake. Angalia kazi hiyo ya ufundi. Kesi haikuletwa na mteja aliyevaa suti. Imekuja kwa njia ya undugu, na yale ambayo mwimbaji angemficha mgeni, shemeji tayari ameyaona nyumbani. Mma Ramotswe naye hutanguliza chai, kisha huuliza mtu anatoka wapi na ni wa nani. Anapofika kwenye swali lenyewe, nusu ya jibu ameshalipata. Na Kinsey huandika kila alichosikia kwenye vikadi, neno moja kadi moja, kisha huvipanga na kuvipangua mpaka pengo lijitokeze.

Kadi ndiyo inayonirudisha Kapkatet. Tracey naye alikuwa mtu wa kadi. Kila alichorekodi alikiandikia: waimbaji, mahali, lugha, ala. Kadi hizo zilihifadhiwa na maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ILAM, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Miaka zaidi ya 60 baada ya rekodi za Kapkatet, mkurugenzi wa ILAM wa wakati huo, Diane Thram, alishirikiana na Tabu Osusa wa Ketebul Music ya Nairobi kuzirudisha nyimbo kule zilikotoka. Kufikia mwaka 2015 sauti za Kapkatet zilikuwa zimerudi Kapkatet.

Hilo lilifanyikaje? Kwa kadi, kwa gari na kwa masikio ya wazee. Jina lililotoka huko na kusomwa duniani ni la Cheriyot arap Kuri, mmoja wa waliorekodiwa mwaka 1950, aliyekutwa hai akiwa mzee aliyevuka miaka 80. Aliwekewa sauti za ujana wake akazisikiliza. Mimi huwa naitafakari dakika hiyo kuliko dakika nyingine yoyote katika hadithi hii.

Sasa litazame jina lake kwa jicho la mpelelezi. Arap ni mwana wa. Daniel arap Moi, aliyezikwa hapa kwetu Kabarak mwaka 2020, alikuwa mwana wa Kimoi. Jina la baba linavuliwa kiambishi chake na kukaa baada ya arap. Maana yake ni kwamba jina la mwanamume Mkalenjin wa kizazi kile, Mkipsigis akiwemo, ni anwani. Ukisema arap Kuri kwenye baraza, mzee yeyote wa hapo anaweza kurudi nyuma mpaka boma la baba, kisha akashuka tena kwa watoto na wajukuu. Na ardhi ilirithiwa na wana, hivyo hata boma lenyewe huenda lipo palepale. Kadi iliyoandikwa mwaka 1950 bado inafungua mlango.

Kisha soma kadi ya wimbo wa tatu, ule mashuhuri. Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wa Kipsigis. Basi.

Kinsey angesimama hapo. Hakuna arap. Majina ya wasichana wa Kikalenjin mengi hueleza saa au hali ya kuzaliwa: Chebet ni wa mchana, Chepkoech ni wa alfajiri, na darasa moja la shule ya msingi linaweza kuwa na watatu wa jina moja. Jina la kwanza pekee halimtengi mtu na wenzake. La pili je? Kwa Kikalenjin, ketien ni kuimba. Mpelelezi makini angeuliza swali ambalo halimo kwenye kadi: je, Ketienya ni jina la ukoo, au aliyekuwa akiandika aliuliza kuhusu msichana akajibiwa kuhusu wimbo? Mtu aliyewahi kuandikisha majina kwenye kliniki ya kijijini anajua jinsi jibu la swali moja linavyoweza kukaa kwenye kisanduku cha swali jingine.

Halafu kuna ndoa. Msichana wa miaka 15 mwaka 1950 hakukaa Kapkatet kusubiri maikrofoni irudi. Aliolewa, pengine ng'ambo ya pili ya bonde, pengine Sotik, pengine hata kwenye mashamba ya Molo na Njoro kama wengi waliofuata ardhi na kazi. Akizaa, watu wakaanza kumwita Bot Kiprono, Bot Chebet, yaani mama wa fulani, na lile jina la usichana likabaki midomoni mwa wachache aliokua nao. Alibatizwa, akapata Rael au Esther. Ukifika kijijini alikoolewa ukamuuliza kijana kuhusu Chemutoi, atakujibu kwa moyo safi kwamba hapa hakuna mtu huyo, na huenda ni nyanya yake.

Kadi inayowapa wanaume anwani na kuwaita wanawake kundi huwafanya wanaume wapatikane kwanza. Sauti inayobeba wimbo ule hadi leo ni ya yule aliyeachwa bila njia ya kufuatwa. Siwalaumu Thram na Osusa. Walifanya kazi kubwa kwa kadi waliyoikuta. Lakini kadi ile inadai upelelezi wa aina nyingine, na riwaya za hawa wanawake zimeuonyesha kwa miaka karibu 50.

Anza na neno wasichana. Hilo ndilo lenye wingi wa mashahidi. Mwanamke mmoja anaweza kupotea. Kundi zima lililoimba pamoja, kuchota maji pamoja na kuingia unyagoni pamoja, haliishi bila mtu wa kulikumbuka. Usianzie kwa chifu wala barazani, kwa sababu barazani wanaongea wanaume na watakupa arap mwingine. Panda matatu hapa Nakuru, pita Salgaa, Mau Summit, Kericho na Litein, ushuke Kapkatet siku ya ibada ya akina mama. Nenda na mtu aliyezaliwa huko, ikiwezekana binti aliyeolewa nje, maana yeye anajua wanawake huenda wapi. Kunywa maziwa ya mursik utakapopewa. Usimtaje Chemutoi kwanza. Weka wimbo, uwaache nyanya wausikilize hadi mwisho, kisha uwaulize ni nani kati ya wanaoitikia wanayemtambua, na aliolewa wapi.