Viti Visivyo na Mwenyeji

Anayekwenda Kraków, nchini Poland, kutafuta mtaa wa Mayahudi hupelekwa Kazimierz. Nami nilianzia huko. Katika Mtaa wa Szeroka yamo masinagogi ya kale, na jirani yake mikahawa inayopiga muziki wa Kiyahudi wakati wa chakula. Wageni huoneshwa pia mahali ilipopigwa filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 1993, Schindler's List. Filamu hiyo siidharau. Imewafunza wengi waliokuwa hawajui kitu. Lakini ilitumia Kazimierz kuigiza mambo yaliyotokea ng'ambo ya Mto Wisła, na matokeo yake ni kwamba wako wageni wanaoliona jukwaa, wakatokwa na machozi, kisha wakarudi hotelini bila kuvuka mto.

Nilivuka kwa miguu. Si mbali. Mwezi Machi 1941 Wanazi waliwaamuru Mayahudi wa mji huu wahamie Podgórze, wakawazungushia ukuta. Watu wapatao 15,000 walibanwa mahali palipokuwa pakikaa kama 3,000. Kipande cha ukuta kimebaki katika Mtaa wa Lwowska, na juu yake kimekatwa kwa umbo la mawe ya makaburi.

Karibu na hapo pana uwanja ambao siku zile, kwa kejeli ya historia, uliitwa Uwanja wa Mapatano. Hapo watu walikusanywa mwaka 1942 kabla ya kupelekwa Bełżec kuuawa. Na mwezi Machi 1943 geto lote likamalizwa. Vyombo na samani zao zilibaki zimezagaa. Tadeusz Pankiewicz, Mpolandi asiye Myahudi aliyekuwa na duka la dawa pembeni ya uwanja, aliyaona hayo na kuyaandika. Kutokana na kumbukumbu hizo, wasanifu Piotr Lewicki na Kazimierz Łatak waliweka pale, mwaka 2005, viti vikubwa 33 vya chuma, vitupu, kimoja mbali na kingine. Vidogo viko kandokando, hadi kwenye kituo cha tramu.

Nilikuwa nimechoka, nikakaa juu ya kidogo kimoja kabla sijajua ni nini. Nilipojua niliona haya, nikataka kuwalaumu wasanifu: ukumbusho gani huu usiojitambulisha? Tramu ilipofika nikabadili mawazo. Wakati wa vita tramu ilipita katikati ya geto bila kusimama. Abiria waliwaona waliofungiwa, wakaenda zao. Kiti kile kiliniweka mimi miongoni mwa wapita njia. Mikahawa ya Kazimierz hunifanya mteja tu. Haiwezi kuniuliza swali hilo.

Hata hivyo nina lawama moja. Viti havibebi jina la mtu hata mmoja, na asiyeambiwa huweza kuondoka kama alivyokuja. Duka la dawa, ambalo sasa ni makumbusho, ndilo linaloziba pengo hilo. Ingia humo kwanza, ndugu msomaji, kisha utoke uvitazame viti.

Kwetu mgeni akibisha hodi huambiwa, "Karibu kiti." Maneno hayo yanahitaji mwenyeji wa kuyatamka. Pale Podgórze viti viko tayari, wala hakuna wa kukukaribisha. Tramu ya pili niliisubiri nimesimama.