Ustadi wa Moto Mdogo

Abiria anayeshuka Same mchana, kwenye barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, hapati taabu ya kusaka chakula. Viazi vinamenywa, vinakatwa, vinatumbukizwa kwenye mafuta ya nyuzi joto 170 au 180, na kabla konda hajamaliza kupanga mizigo, chipsi ziko kwenye sahani. Hakuna wa kuzilaumu. Mtu mwenye njaa na safari anastahili kula upesi. Lakini nyuma ya maduka ya barabarani, na zaidi huko juu kwenye milima ya Upare, Mbaga, Chome, Vudee na Suji, kuna upishi mwingine ambao haujui mbio za basi. Chungu kinafunikwa, kuni zinapunguzwa, na mpishi anaendelea na kazi nyingine huku sikio lake likiwa jikoni. Upishi huo unaonekana mwepesi kuliko ulivyo, na ndiyo maana aghalabu hausifiwi.

Shule yake ni makande. Watanzania hawachoki kuwatania Wapare kwa chakula hicho, na Wapare wenyewe huupokea utani huo kwa kicheko kisha wakajipakulia sahani ya pili. Ni mahindi makavu na maharage, au kunde, au fiwi, vikipikwa pamoja mpaka punje ilegee na mchuzi ushike uzito. Yanaliwa na parachichi, maziwa ya mgando, tui la nazi, au yenyewe peke yake. Kiporo chake cha asubuhi kina watu wanaokisubiri kuliko chakula cha jana usiku.

Nchi yenyewe ndiyo iliyofundisha upishi huu. Tambarare za Same zimekaa upande wa milima unaonyimwa mvua, na mkulima wa Makanya au Hedaru anajua kwamba vuli inaweza kuja leo na kutoweka kesho. Wazee walijenga ndiva, mabwawa ya kukinga maji ya vijito usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani kwa zamu. Kinachovunwa kwa jasho la namna hiyo hukaushwa na kuwekwa akiba, na nafaka iliyokauka sawasawa haipikiki kwa pupa. Punje ya mahindi imefungwa kwa ganda, harage limejikaza, na maji yanahitaji saa nyingi kupenya mpaka ndani.

Ndiyo maana kazi kubwa hufanyika kabla moto haujawashwa. Anayetaka makande laini huyakoboa mahindi kwenye kinu. Anayanyunyizia maji kidogo, si ya kuyalowesha bali ya kulegeza ganda, kisha anatwanga kwa mapigo mepesi. Akizidisha nguvu, punje zinavunjika na kuwa chenga. Akilegeza mno, ganda linabaki. Mkono uliozoea unasikia tofauti kwenye mchi: mwanzoni punje zinagonga kwa ukavu, baadaye sauti inazama, na pumba zinaanza kujikusanya pembeni mwa kinu. Hapo ndipo ungo unapochukua zamu, pepeta moja baada ya nyingine, mpaka yabaki mahindi meupe yasiyo na koti.

Maharage nayo yana mambo yake. Ya msimu huu huiva mapema. Yaliyokaa ghalani kwenye joto na unyevu huwa magumu, na kadiri yanavyozeeka ndivyo yanavyozidi kukaidi. Kuyaloweka usiku kucha hupunguza muda wa kupika, na kumwaga maji yale ya kulowekea hupunguza gesi tumboni. Wapo wanaotia magadi ili yalainike haraka. Magadi hufanya kazi hiyo kweli, kwa kuwa huvunja kile kinachoshikilia chembechembe za harage, lakini pia huharibu sehemu ya vitamini B1, na yakizidi chakula huwa na ladha ya sabuni. Mpishi mwenye subira hutumia muda mahali pa magadi.

Halafu kuna milima yenyewe. Mji wa Same uko takriban mita 870 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Shengena kinapita mita 2,400. Kila mtu anapopanda mita 300 hivi, kiwango cha maji kuchemka hushuka kwa karibu nyuzi moja. Maji yanayochemka kwenye nyuzi 100 pwani ya Tanga, Same mjini huchemka kwenye 97, na katika vijiji vya mita 1,500 kwenda juu ni 95 au pungufu. Hakuna kuni zitakazobadilisha hilo. Sufuria ya Chome inaweza kuunguruma na kumwagika pembeni, lakini maharage yaliyomo yanapata joto dogo kuliko yale ya Tanga, kwa hiyo yanataka muda mrefu zaidi.

Moto mkali, basi, haununui muda.

Fizikia iko upande wa mpishi mtulivu. Maji yakishachemka, kuni za ziada haziyaongezei joto. Zinayageuza kuwa mvuke tu. Na mvuke ni ghali: kuigeuza kilo moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke hula nishati zaidi ya mara tano ya ile ya kuyatoa maji hayo kwenye ubaridi wa barafu hadi kuchemka. Mama anayevuta vijinga viwili nje ya mafiga na kuacha makaa yaendeleze kazi hajawahi kuhitaji hesabu hiyo iandikwe ubaoni. Anaangalia mapovu. Yakiwa madogo na yanapanda taratibu, amepata anachotaka. Yakianza kurukaruka, anajua anapika hewa.

Lakini polepole haina maana ya vuguvugu tangu mwanzo. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo huumiza tumbo vibaya yasipoiva, na sumu hiyo huvunjika kwa kuchemka hasa. Kwenye nyuzi 80 haivunjiki, na harage lililopashwa moto nusunusu laweza kudhuru kuliko bichi. Hivyo kabla ya moto mdogo lazima upite moto mkubwa: dakika 10 za kuchemka barabara ndizo za chini kabisa, na 30 ni salama zaidi. Kwenye mafiga kanuni hii inajitimiza yenyewe, kwa sababu chungu huchemka kwanza ndipo moto hupunguzwa. Kwenye vyombo vya umeme vya joto dogo, mpishi lazima aikumbuke mwenyewe.

Baada ya nafaka kumfundisha subira, viazi mviringo vinampima mpishi ustadi. Kiazi hakina ugumu wa harage, wala hakivumilii kusahauliwa. Kikitiwa kwenye makande tangu mwanzo kitayeyuka kabla mahindi hayajalegea. Kwa hiyo ama huingia mwishoni, ama hupewa chungu chake na kuwekwa kando ya nyama, samaki au mboga za majani. Chungu hicho cha pembeni ndicho kinachomtambulisha fundi.

Anachagua kwanza. Kiazi chenye wanga mwingi hupendeza kikipondwa, ila kwenye chungu cha muda mrefu huachia. Kile cha nyama iliyoshikamana hubaki mzima. Vyote viwe vya ukubwa unaolingana, la sivyo kidogo kitapondeka kikubwa kikiwa bado kigumu katikati. Anavipanga chini ya chungu, karibu na moto, kwa kuwa mboga za mizizi huiva taratibu kuliko nyama zikipikwa kwa joto dogo. Juu yake vinakwenda vitunguu, chumvi, na kipande cha tangawizi iliyopondwa, ambayo Same haina haja ya kuiagiza mbali: milima ya Mamba Myamba inajulikana nchi nzima kwa zao hilo. Kisha tui jepesi, likiwa baridi, lifike nusu ya viazi tu. Mvuke chini ya mfuniko utavipikia nusu ya juu.

Kuanza na kimiminika baridi kuna sababu. Joto la kiazi linapopita taratibu kati ya nyuzi 55 na 65, kimeng'enya kilichomo ndani yake huimarisha pektini, kitu kinachounganisha chembe za kiazi. Kiazi kilichopita njia hiyo hakivurugiki baadaye hata kikikaa sana. Kilichotumbukizwa kwenye maji yanayotokota hukosa ulinzi huo: nje kinachanika, ndani bado kinasubiri. Ila uimara huo una gharama yake, maana ili kilainike, kiazi sasa kinahitaji kupandishwa hadi karibu na kuchemka na kukaa hapo. Kwa hiyo mpishi huanza na moto mdogo, huukuza kidogo mpaka mapovu yaonekane, kisha huuzima nusu na kuuacha. Nyanya na ndimu hazigusi chungu mpaka kisu kipite, kwa sababu uchachu huvifanya viazi vibaki vigumu. Tui zito huja mwisho kabisa, mfuniko ukiwa wazi na mwiko ukizunguka polepole, lisije likakatika.

Ukifunua chungu hicho saa moja na nusu baadaye, viazi vimekaa vilivyopangwa, vyote vizima, vimekunywa tui mpaka ndani, na mchuzi uliobaki ni wa kupaka tu. Tangawizi haionekani, lakini ipo katika kila tonge.

Milima hii ina sababu nyingine ya kuthamini chakula kinachojipikia. Mwaka 1903 wamisionari Wasabato kutoka Ujerumani walifungua kituo chao cha kwanza katika Afrika Mashariki ya Wajerumani huko Giti, Mamba, na tangu hapo Upare umekuwa mojawapo ya ngome za kanisa hilo nchini. Sabato huingia jua la Ijumaa linapotua, na chakula chake hutayarishwa kabla. Katika nyumba yenye desturi hiyo, chungu kinachoweza kuachwa kikae bila kuharibika ni sehemu ya maandalio ya ibada.

Mbali sana na Mamba, desturi kama hiyo ilizaa chombo ambacho leo kinauzwa dunia nzima. Wayahudi wa Vilna, katika Lithuania ya sasa, walikuwa wakipeleka vyungu vyao kwa mwoka mikate Ijumaa jioni, vikiwa na maharage, shayiri, viazi na nyama, ili viive usiku kucha kwenye joto la tanuri linalopoa, kwa kuwa Sabato iliwakataza kuwasha moto. Chakula hicho huitwa cholent. Mama mmoja aliyehamia Marekani alimsimulia mwanawe, Irving Naxon, habari za vyungu hivyo, na mwana huyo mhandisi akabuni sufuria ya umeme yenye joto la pembeni, akapewa hataza yake mwaka 1940. Kampuni ya Rival iliununua uvumbuzi huo mwaka 1970, na mwaka uliofuata ukaingia sokoni kwa jina la Crock-Pot. Chombo kinachotumia wati 200 hivi, sehemu ya kumi ya birika la umeme, kilitoka moja kwa moja katika ujuzi wa wanawake waliojua kupima moto usioonekana.

Sifa hizi zote haziondoi ukweli kwamba moto mdogo wa kuni bado ni moto wa kuni. Mzigo unabebwa kichwani, moshi unaingia machoni na mapafuni mwa anayepika, na msitu wa Shengena ndio chanzo cha vijito vinavyojaza ndiva kule chini. Mwezi Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Kwa milima kama ya Upare, jiko la presha la umeme lina faida ya pekee: kwa kuubana mvuke, hupandisha joto la kuchemka hadi nyuzi 110 na zaidi, na hivyo hufuta hasara inayoletwa na mwinuko. Makande yaliyolowekwa vizuri yanakuwa kazi ya saa moja hivi mahali pa nusu siku.

Na wasio na umeme hawajafungiwa nje. Kapu lililosheheni mablanketi makuukuu au majani makavu ya migomba hushika joto kwa saa nyingi. Viazi vikichemka dakika 10 na sufuria ikafunikwa vizuri ndani ya kapu, vitamaliza kuiva vyenyewe bila kuni hata moja. Maharage yaliyolowekwa, yakishachemka kwa nguvu nusu saa, hupunguza kuni kwa kiasi kikubwa yakimalizikia humo, ilimradi yachemshwe tena kabla ya kuliwa.

Chombo kipya, hata hivyo, hakijui kwamba ndimu ingoje, kwamba kiazi kianze na tui la baridi, wala kwamba harage jekundu lichemke kwanza. Mtu anaweza kununua jiko la bei kubwa na bado akala viazi vilivyopasuka nje na vigumu ndani. Majiko yanayopelekwa Same yanahitaji kwenda na maarifa haya, na wenye nayo wapo tayari. Mafunzo yafanyike jikoni, chakula kikiwa motoni, na walimu wawe wanawake wa Mbaga na Chome wanaoweza kulishika harage mkononi na kusema ni la msimu gani, na litahitaji kulowekwa kwa muda gani.