Jina la Dune Lilivyochongwa

Mtu aliyesoma chuo cha Kurani Bwejuu, Zanzibar, akija kuangalia filamu za Dune za 2021 na 2024, hahitaji mkalimani kwa kila jina. Humo watu wa jangwani wanamwita kijana Paul, mhusika mkuu, Lisan al-Gaib, na ghaibu mtazamaji huyo anaijua tangu utotoni. Mahdi pia anamjua. Likitajwa Kwisatz Haderach, hapo sikio hukwama.

Jina hilo asili yake ni Kiebrania. Frank Herbert, Mmarekani aliyetoa riwaya ya Dune mwaka 1965, alilichonga kutokana na kefitzat haderekh, yaani kuruka njia, au njia kufupika. Katika hadithi za Kiyahudi hiyo ni karama: mcha Mungu anaondoka mji mmoja na mara anajikuta mji wa mbali. Masufi nao wanayo, wanaiita tayy al-ard, walii kukunjiwa ardhi. Herbert aliichukua maana hiyo akampa mtu anayesubiriwa vizazi na vizazi, ambaye uwezo wa akili yake utaunganisha mahali na wakati. Kwa maoni yangu ni uteuzi wa hali ya juu, kwani maana ya zamani imebaki nzima ndani ya kazi mpya.

Sauti ndiyo iliyopigwa randa. F ya kefitzat imeondoka, w imeingia baada ya k, na tz iliyokuwa katikati imesukumwa hadi mwisho, s ikashika nafasi yake: kefitzat, kwisatz. Neno la pili hakuligusa sana. Hata ha- ya mwanzo, inayofanya kazi kama al- ya Kiarabu, imebaki pale pale.

Kwenye Kiarabu mkono wake ulikuwa mwepesi zaidi. Shai-Hulud, yule mnyoo mkubwa wa mchangani, ni shay' na khulud, kitu cha milele. Kh imelainika kuwa h, kama ndimi zetu zilivyofanya khabari kuwa habari na kheri kuwa heri. Muad'Dib ni mu'addib, mwenye kufunza adabu. Hapa Herbert alihamisha alama ya hamza akaipachika baina ya d mbili, na jicho likaona jina la sayari nyingine. Kwamba aliijua maana, riwaya yenyewe inaonyesha: Paul anaambiwa kuwa panya wa jangwani mwenye jina hilo huitwa pia mwalimu wa vijana.

Kiswahili nacho kilipitia karakana kama hiyo. Mwaka 1966 tamthilia ya televisheni ya Star Trek ilimleta Luteni Uhura. Kwa maelezo ya mwigizaji wake, Nichelle Nichols, alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya ya Robert Ruark ya 1962, Uhuru, na jina likatokana nayo. U ya mwisho ikageuzwa a ili lisikike la kike, kwa masikio ya Kizungu. Kwetu irabu ya mwisho haibebi jinsia. Tena u hiyo ndiyo tuliyoiongeza wenyewe: Waarabu walisema hurr, sisi tukalifunga kwa irabu likawa huru. Chombo kikapita pale pale tulipounga.

Filamu ya Star Trek ya 2009 ikamtaja kwa jina la kwanza, Nyota, bila kubadilisha herufi hata moja.