Mbao Zilizobabuliwa

Mbao tatu, waya wa kufungia, karatasi za gazeti na maji ya kutosha. Fundi wa magharibi mwa Japani anayebabua mbao za ukuta kwa njia ya zamani hahitaji vingi zaidi ya hivyo. Huzisimamisha zikiegemeana ubavu kwa ubavu mpaka zifanye bomba la pembe tatu, uso utakaoungua ukiwa ndani. Huzifunga kwa waya, huziinua kidogo juu ya mawe ili hewa ipite, kisha huwasha karatasi chini. Kwanza hutoka moshi mzito. Halafu bomba linaanza kuvuta hewa, mvumo unasikika ndani yake, na ndimi za moto zinachomoza juu ya ncha za mbao.

Kuanzia hapo ni dakika chache tu, na ufundi wote umo ndani ya dakika hizo. Fundi anasikiliza mvumo, anachungulia kwenye maungio, na akiona ncha ya pili imechelewa hulipindua bomba zima juu chini. Akiharakisha, ubao utatoka na mabaka ya kahawia. Akichelewa, moto utakula mti wenyewe na ubao utapinda. Wakati ukifika anakata waya, mbao zinaanguka huku na huku, na moto unanywea hata kabla ya kumwagiwa maji. Aliyepikia kuni anajua kwa nini: ukuni ukitengwa na wenzake mekoni huzimika. Zile nyuso tatu zilikuwa zikipashana joto. Zikiachana, hakuna unaojitosheleza. Maji huja kuua makaa yaliyojificha kwenye nyufa.

Kazi hii huitwa yakisugi, na mti wake ni sugi, wa ukoo mmoja na saiprasi, mwepesi na wenye nyuzi zilizonyooka. Katika kisiwa cha Naoshima, kwenye mtaa wa Honmura, nyumba za kale zimevikwa mbao hizi nyeusi, zikikabili hewa ya chumvi ya bahari. Mwaka 1999 msanifu Tadao Ando alijenga hapo jengo la Minamidera, akalivika mbao hizohizo ili lifanane na majirani zake. Terunobu Fujimori, msanifu na mwanahistoria wa majengo, naye aliitumia kazi hii kwa nyumba aliyoijenga Nagano, kwa mbao ndefu kuliko kawaida. Huyu namheshimu zaidi, kwa kuwa alikubali kuunguza mbao kwa mikono badala ya kusifia tu.

Mti ukipata joto la nyuzi 300 hivi hauwaki moja kwa moja. Hutoa gesi, na gesi ndiyo inayowaka. Kinachobaki ni kaboni. Vile vitu vya sukarisukari vinavyoshikanisha nyuzi za mti, ambavyo kuvu huvipenda, huwa vya kwanza kuangamia. Kuvu hawezi kula mkaa, wala mchwa hapati lishe ndani yake. Zaidi ya hapo, mkaa hupitisha joto polepole, kwa hiyo tabaka la juu hulinda mti ulio chini yake. Wahandisi wa Ulaya wanaopima uimara wa nguzo na boriti wakati wa moto hukadiria kwamba mbao laini huliwa milimita 0.65 hivi kwa dakika. Ndiyo maana fundi anaweza kuutia ubao motoni na kuutoa ukiwa mzima kwa ndani.

Sasa ubao huo ukitolewa ukutani ukawekwa kuzungushia tuta la sukuma wiki, mambo yanabadilika, na hapa wengi hudanganyana. Ukuta hukauka baada ya mvua, tuta halikauki. Mkaa una vijiufa vya mirabamiraba, na maji hupenya humo. Anayeahidi kwamba ubao uliobabuliwa hautaoza kamwe ardhini asisikilizwe. Unachopata ni muda, na muda huo hutegemea umakini wa mkono.

Anayejua kazi hukata mbao zote kwanza, hutoboa matundu ya skrubu, ndipo ababue. Ukikata baada ya moto umefungua mlango mbichi, na ncha iliyokatwa ndiyo inayonyonya maji kuliko sehemu nyingine yoyote. Ncha hizo huzirudia kwa moto wa gesi mpaka nazo ziwe nyeusi tii. Nguzo za pembeni hubabuliwa kuvuka usawa wa udongo, kiasi cha shibiri moja juu yake, kwa sababu nguzo haiozi sana chini kabisa; huoza pale udongo unapokutana na hewa, penye unyevu na oksijeni kwa pamoja. Hata wakulima wanaochoma miguu ya nguzo za uzio kabla ya kuzifukia wanalijua hilo. Chini ya fremu huwekwa kokoto ili maji yasituame. Upande wa nje unaweza kusuguliwa taratibu kwa brashi ya waya na kupakwa mafuta ya kitani. Wa ndani huachwa na mkaa wake wote.

Ninachokipenda zaidi ni kile kisichotumika. Wengi wetu tumezoea kupaka nguzo oili chafu ya magari, na kwa uzio wa ng'ombe sibishani na mtu. Lakini oili ile imebeba metali na sumu za injini, na udongo wa mboga si mahali pake. Mbao zilizotiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki nazo ziachwe zilivyo, na zisitiwe moto hata kidogo, kwani aseniki hubaki kwenye majivu na nyingine huondoka na moshi. Ubao wa kubabua uwe mtupu na mkavu, usio na rangi wala dawa.

Jembe likigonga ukingo, mkaa hubanduka na mti mweupe huonekana. Subiri kiangazi, chimbua udongo kidogo, acha ubao ukauke vizuri, kisha upitishie moto tena hapo palipojeruhiwa.