Kisanduku Kisichoongeza Kitu

Ikwalaiza pasivu ya zamani, kama Langevin EQ-251A ya Marekani, haina waya wa kuchomeka ukutani. Ukiifungua hukuti valvu wala transista. Ni koili, kapasita, rezista na swichi za kuzungusha, basi. Kifaa kisicho na umeme wake hakiwezi kuongeza besi. Kinachofanya ni kuibana sauti nzima kwanza, kwa desibeli 14 au 16 hivi, kisha ukizungusha swichi ya besi kinailegezea besi peke yake. Sikio linasikia besi imepanda, kumbe ni vingine vyote vilivyobaki chini. Naipenda sana akili hiyo.

Asili yake ni simu. Waya mrefu wa simu humeza sauti nyembamba kuliko nene, na wahandisi walitaka kurudisha uwiano bila kuivuruga laini, ambayo kwa mazoea ilihesabiwa kuwa ya omu 600. Mwaka 1928 Otto Zobel wa AT&T alichapisha hesabu za saketi zinazobadilisha mlio huku ukinzani wake, ukipimwa kutoka nje, ukibaki uleule. Ndani ya saketi hizo kila koili imeozwa kapasita yake. Gawanya thamani ya koili kwa thamani ya kapasita, upate mraba wa 600, yaani 360,000. Koili ya milihenri 36 mwenzake ni kapasita ya mikrofaradi 0.1. Mmoja akiyazuia masafa fulani, mwingine huyapitisha.

Ndiyo maana fundi mzuri wa kufufua visanduku hivi haanzi na chuma cha kulehemu, huanza na kipimo. Kapasita za karatasi huingiwa na unyevu na thamani yake kuhama, na ikihama, ndoa ile imevunjika hata kama kifaa bado kinatoa sauti. Huchagua mpya kwa kuzipima moja moja mpaka apate inayoendana na koili iliyopo. Zile za maika mara nyingi ziko salama, naye huziacha. Kuna mafundi wanaong'oa kila kapasita kwa sababu tu ni kuukuu; mimi namheshimu zaidi yule anayejua la kuacha.

Koili zinataka adabu zaidi. Mita ya kawaida ya omu hupitisha mkondo mnyoofu, na kiini cha aloi ya nikeli kinaweza kubaki na usumaku baada ya kupimwa, sauti ikachafuka. Kwa hiyo hupimwa kwa mkondo geu, tena mdogo. Koili iliyokatika ndani husukwa upya kwa waya mwembamba kama unywele, mzunguko kwa mzunguko. Hapo subira ina hesabu yake: thamani ya koili hufuata mraba wa mizunguko, hivyo ukikosea mizunguko kwa asilimia 1, thamani hukosea kwa karibu asilimia 2. Swichi, kwa upande wake, hazitaki msasa kamwe. Kitambaa laini na spiriti vinatosha, maana tabaka la fedha likishakwanguliwa halirudi.

Hata baada ya hayo yote, kifaa kilichopona kinaweza kusikika vibaya, na hapa ndipo ninapowavulia kofia mafundi hawa. Ikwalaiza hii ilitengenezwa iishi kati ya majirani wawili wa omu 600. Vifaa vya leo hutoa sauti kwa omu 50 au 100 na kuipokea kwa omu 10,000. Ukiichomeka hivyo hivyo, mikunjo iliyochorwa kiwandani hupotoka, na sauti nyembamba huweza kuchomoza pasipotakiwa. Kumbe nusu ya kazi iko nje ya kisanduku.

Kifaa kinachotoa sauti kwa omu 50 huongezewa omu 550, yaani rezista ya 275 kwa kila waya. Kwenye upokeaji wa omu 10,000 rezista ya 638 hukamilisha 600. Ya 620, inayopatikana kwa urahisi, inafaa. Desibeli zilizopotea hurudishwa na priampu ya maikrofoni. Ikiwa ukinzani wake ni omu 1,500, rezista ya 1,000 sambamba nayo hutoa 600 kamili. Na kwa kuwa vingi vya visanduku hivi vina upande mmoja uliounganishwa na ardhi, transfoma ya 600 kwa 600 huwekwa katikati, mvumo wa umeme usipate njia. Eugene Shenk na Ollie Summerlin wa New Jersey walilimaliza tatizo hilo la desibeli tangu 1951, walipotia kikuza sauti cha valvu ndani ya ikwalaiza yao, Pultec EQP-1, nyuma ya saketi pasivu.

Mwisho fundi hupitisha mlio kutoka hezi 20 hadi 20,000, swichi zote zikiwa sifuri, akitafuta mstari ulionyooka, kisha hurudia kwa kila hatua ya kila swichi. Rezista zake na transfoma huviweka katika kijisanduku cha pembeni, ili bamba la zamani lisitobolewe hata tundu moja.