Sauti ya Kijana Asiye na Mali: Fadhili William na Waimbaji Waliourudia Wimbo wa "Malaika"

1.0 Utangulizi

Fadhili William, Mtaita aliyezaliwa nchini Kenya mwaka 1938, aliurekodi wimbo wa "Malaika" akiwa na kundi la Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hata hivyo, wasikilizaji wengi duniani waliupata kwa wengine: Miriam Makeba na Harry Belafonte katika albamu yao ya 1965, Boney M. mwaka 1981 na Angélique Kidjo mwaka 1991. Mjadala kuhusu wimbo huu kwa kawaida hujikita katika swali la nani aliutunga. Makala haya yanadai kuwa, pamoja na jina la mtunzi, kuna jambo jingine lililofifia katika kurudiwa huko, nalo ni nafsineni: kijana ambaye anapenda lakini hana uwezo wa kuoa.

2.0 Mgogoro wa Utunzi

Adam Salim alidai kuwa aliutunga wimbo huu mwaka 1945, baada ya mpenzi wake kuozwa kwa mtu tajiri. Jina la Lucas Tututu pia limetajwa miongoni mwa watunzi wake. Wapo wanaoujibu mgogoro huu kwa hoja kwamba nyimbo za Kiafrika ni mali ya jamii, hivyo kumtafuta mtunzi mmoja ni kazi bure.

Hoja hiyo inahitaji kupimwa kwa fasihi simulizi yenyewe. Miongoni mwa Wairaqw wa Mbulu, katika maeneo kama Maretadu, slufay ni ushairi wa dua unaoghaniwa na mzee huku hadhira ikimwitikia. Sehemu kubwa ya lugha yake imerithiwa, na hakuna anayedai kuimiliki. Hata hivyo, wanaoitikia wanajua nani anaomba, anaomba nini na kwa ajili ya nani. Umiliki wa jamii unasimama juu ya uelewa huo. Wimbo unapofika kwa hadhira isiyojua Kiswahili wala desturi ya mahari, kuuita mali ya jamii ni kumnyima mtunzi haki yake bila kuipa jamii chochote.

3.0 Nafsineni na Kitenzi cha Kuoa

Kiswahili hakitofautishi jinsi katika viwakilishi vya nafsi. Neno "malaika" linaweza kumhusu mwanamume au mwanamke. Vivyo hivyo "kijana". Katika wimbo huu, jinsi ya msemaji inadhihirishwa na kitenzi: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Nafsineni anasema angeoa, lakini ukosefu wa mali unamzuia. Kwa hiyo kitenzi hicho kinabeba mambo mawili kwa pamoja, yaani jinsi ya msemaji na wajibu wa kiuchumi unaomlemea. Taswira ya kidege inaongeza uzito huo: kiumbe chepesi kinaotwa na mtu aliyefungwa na ufukara. Mapenzi hayana kasoro katika wimbo huu. Kikwazo ni fedha.

Makeba, aliyeuimba jukwaani kwa miaka mingi, hakukibadilisha kitenzi hicho. Msikilizaji wa Kiswahili anamsikia mwanamke akitamka maneno ya mwanamume, na anaweza kumpokea kama msimuliaji anayemsemea kijana asiye na msemaji. Hii ni faida ya kisanaa, kwa sababu malalamiko yanageuka kuwa huruma. Lakini faida hiyo inamfikia anayeelewa lugha tu. Kwa asiyeelewa, hubaki muziki mtamu wenye neno moja linaloeleweka, malaika. Kwa Boney M., mdundo wa dansi unakwenda mbali zaidi: unachangamsha pale ambapo matini yanasikitika.

4.0 Tathmini

Nadharia ya Upokezi inaruhusu kila hadhira kuunda maana yake, na si haki kuwalaumu waimbaji hawa kwa kuupenda wimbo. Bila Makeba, huenda "Malaika" ungebaki Afrika Mashariki. Tatizo liko kwa uhakiki unaoichukulia tafsiri maarufu kuwa ndiyo maana ya asili, kisha kuuita wimbo huu wa mapenzi matupu. Usomaji wa namna hiyo unaifuta mahari, na ukiifuta mahari unaufuta mgogoro wote.

5.0 Hitimisho

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inatenganisha haki ya mtunzi na haki ya mwimbaji. Uhakiki wa nyimbo za Kiswahili unahitaji mpaka kama huo: kuipima kazi ya anayerudia wimbo kwa sifa zake bila kumkabidhi utunzi. Fadhili William alifariki mwaka 2001, na wazee walioshuhudia nyimbo za zama hizo zikitungwa wanazidi kupungua. Ushuhuda wao unapaswa kurekodiwa sasa, pamoja na maelezo ya muktadha wa kila wimbo. Jina la mtunzi likipatikana bila muktadha huo, kijana wa "Malaika" ataendelea kuimbwa kote bila kusikika.